Mbeya hadi Tanga kwa Barabara: Kumbukumbu ya Njia, Siku kwa Siku

Kutoka Mbeya mjini hadi Tanga ni kama kilomita 970, lami mwanzo hadi mwisho, na dereva mwenye haraka huzimaliza kwa siku mbili. Sisi tunazigawa katika siku nne, na sababu iko kule mwisho wa njia. Anayehamia Tanga akaingia saa 2 usiku, gari limejaa, watoto wamelala na ufunguo wa nyumba uko kwa dalali asiyepokea simu, atalala gesti na mzigo wake nje. Anayeingia saa 3 asubuhi ana mchana mzima wa kutafuta maji, umeme na vijana wa kushusha. Kwa hiyo ratiba hii tumeipanga kwa kuanzia Tanga na kurudi nyuma: usiku wa mwisho Muheza, kabla yake Morogoro, kabla yake Iringa.

Gari la kumbukumbu hii ni saluni ya cc 1,500, gia otomatiki, watu wanne na mabegi. Vyombo vizito vinafuata kwa Fuso. Mwenye gari kubwa zaidi abadilishe hesabu ya mafuta tu. Mengine yanabaki vilevile.

Siku ya kuamkia safari: Mbeya

Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Tanga iko baharini kabisa. Tofauti hiyo inagusa tairi, breki na rejeta, kwa hiyo maandalizi ya safari hii hayafanani na ya kwenda Tunduma na kurudi.

Anza na upepo. Jaza asubuhi na mapema tairi zikiwa za baridi, na ufuate kipimo cha kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi usiifuate, maana hicho ni kikomo cha tairi lenyewe. Kama gari limebeba mzigo, kibandiko hichohicho huwa na namba ya pili, ya juu zaidi, tumia hiyo. Tuseme ni 32, kwa kipimo cha psi. Ukifika Tanga, gari likalala, ukapima siku ya pili mchana kabla ya kuliwasha, utakuta bado karibu 32, ingawa umeshuka mlima na joto limepanda. Kushuka hadi pwani kunapunguza usomaji wa geji kwa karibu 3, kwa kuwa hewa ya nje ni nzito zaidi, na joto la pwani linaongeza karibu 3. Vinafutana.

Kinachowaponza madereva ni kupima tairi la moto. Baada ya saa moja ya mwendo geji inaweza kusoma 4 au 5 zaidi, dereva anashtuka, anatoa upepo. Tairi likipoa linabaki na upepo pungufu, na kesho yake kuta zake zinajikunja kila mzunguko, zinachemka kwa ndani, linapasuka likiwa katika kasi. Tairi la moto usiliguse. Likikusumbua moyo, subiri lipoe ndipo upime.

Breki zinafuata. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kidogo kidogo, na yakishanyonya huchemka mapema kuliko yalivyokuwa mapya. Kama hayajabadilishwa kwa miaka miwili, yabadilishe kabla ya safari hii, kwa sababu ya mteremko wa Kitonga wa siku ya pili. Breki pedi zikiwa chini ya milimita 3, weka mpya. Halafu feni ya rejeta: washa injini, washa AC, fungua boneti uone feni inazunguka. Mbeya gari lenye feni mbovu linaweza kumaliza mwezi bila kuonyesha dalili, kwa sababu ya baridi. Bonde la Ruaha litalionyesha ndani ya nusu saa. Rejeta iwe na kulanti, siyo maji ya bomba.

Ndani ya gari: leseni, bima, pembetatu mbili za kuakisi mwanga, mtungi wa kuzimia moto ambao mshale wake uko kwenye kijani, jeki, spana ya nati, tairi la spea lenye upepo, lita 5 za maji ya gari na lita 5 za watu. Barua ya serikali ya mtaa inayoeleza kuwa familia inahama na kuorodhesha vyombo itengenezwe nakala mbili, moja ikae na dereva wa Fuso. Akisimamishwa na kuulizwa makabati na vitanda ni vya nani, barua hiyo inafupisha maswali.

Mafuta: saluni hii iliyojaa inakwenda kilomita 11 hadi 12 kwa lita, hivyo safari nzima ni lita 80 hadi 90. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kwa kuwa mafuta hushushwa pia bandari ya Tanga, bei ya huko huwa na nafuu kuliko ya Mbeya. Jaza tangi Mbeya, ongeza Iringa na Morogoro kwa kiasi cha kukufikisha, kisha jaza Tanga.

Siku ya 1: Mbeya hadi Iringa, kilomita 330 hivi

Kuondoka saa 12:30 asubuhi, kukishakucha. Mbeya ina ukungu wa alfajiri, na miteremko ya kutoka Uyole kupita Inyala ina malori yanayoshuka kwa gia nzito na mengine yanayopanda kwa mwendo wa mguu. Hapo hakuna haja ya kuovateki hata mara moja. Ukishuka kwenye tambarare ya Igurusi na Chimala njia inafunguka. Mchele wa Mbeya unauzwa hapo kando ya barabara, na anayetaka kuingia Tanga na mchele wa nyumbani anunue hapa, afunge vizuri, aweke chini ya viti.

Igawa, kisha Makambako kabla ya saa 5. Chai, choo, kuzunguka gari ukitazama tairi. Makambako ni njia panda ya Njombe na Songea. Anayekwenda Iringa ananyoosha.

Kuanzia Makambako hadi Mafinga ni baridi na misitu ya misonobari ya Sao Hill. Barabara ni nzuri, na uzuri wake ndio unaomfanya dereva asahau vibao vya 50. Kila kijiji kina kibao cha 50 cha kuingia na kingine cha kutokea, na trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo hukaa pale ambapo nyumba zimeisha lakini kibao cha kutokea bado. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, na risiti inabaki kwako. Njia hii ina vijiji vingi mno kumtegemea dereva peke yake. Mpe aliyekaa mbele kazi ya kusoma vibao kwa sauti: "hamsini", "tumetoka".

Fuso itapita mizani, kwa kuwa magari ya tani 3.5 na zaidi lazima yapimwe. Saluni inapita pembeni. Mzigo wa Fuso usirundikwe nyuma yote. Uzito wa jumla unaweza kuwa sawa na ekseli ya nyuma ikazidi, na hapo utaambiwa upange upya, vitanda na magodoro chini juani.

Barabara kuu inapita Ipogolo, bondeni, na mji wa Iringa uko juu ya kilima. Kwa safari hii kulala Ipogolo kunatosha: gesti zenye uzio na sehemu ya kuegesha zipo, na asubuhi hupandi wala kushuka mji. Kufika ni saa 8 au 9 mchana. Dereva alale mapema, kwa kuwa kesho ndiyo siku yenyewe.

Siku ya 2: Iringa hadi Morogoro, kilomita 310 hivi

Toka saa 1 asubuhi. Ilula ni nyanya na vitunguu, masinia kando ya barabara. Baada ya hapo milima inaanza kukaza.

Kitonga si ndefu kwa kilomita, ila ni kona juu ya kona, ukuta wa jabali upande mmoja na korongo upande mwingine, na kila gari kubwa la Zambia, Malawi na Kongo linapita hapohapo. Anayetoka Iringa anashuka. Kabla ya kona ya kwanza, simama pembeni panapofaa, acha gari dakika 10, kanyaga pedali ya breki uisikie ni ngumu. Kisha weka gia ya chini kabla ya kuteremka: L au 2 kwa otomatiki, ya pili kwa gia za mkono. Ukisubiri gari lishike kasi ndipo utafute gia, umechelewa.

Injini ingurume, mzunguko wa 3,000 au zaidi kidogo ni salama, na sauti ile isikutishe. Ndiyo inayoshika gari. Breki ikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi mpaka mwendo upungue kufika 25 au 30, kisha iachiwe kabisa. Kuweka mguu juu yake kwa wepesi kona zote ndiko kunakoichemsha, kwa kuwa pedi hazipati sekunde ya kupoa. Ukisikia harufu ya kuungua, au pedali ikianza kuzama kuliko kawaida, mafuta ya breki yanachemka na ndani yake mna mvuke. Mvuke unabonyea, kwa hiyo nguvu ya mguu haifiki kwenye magurudumu. Shuka hadi gia ya chini kabisa, tumia breki ya mkono taratibu, egesha upande wa jabali, weka jiwe nyuma na mbele ya tairi, toa pembetatu. Nusu saa. Disiki za moto usizimwagie maji, zitapinda, na gari litatikisa usukani hadi Tanga.

Matawi mabichi yaliyolazwa barabarani yanakuambia kuna gari bovu mbele, mara nyingi mara tu baada ya kona. Punguza pale pale, usingoje ulione. Na ile taa ya semi lililo mbele yako, ya kushoto ikimaanisha pita na ya kulia ikimaanisha usipite, madereva wengi huitumia kwa nia njema, lakini si wote wana maana hiyohiyo, na mwingine anaashiria tu kwamba anaegesha. Kwenye Kitonga usipite kwa taa ya mtu mwingine.

Chini ya mlima, Ruaha Mbuyuni, chukua chupa ya maji uliyoifunga Iringa ikiwa nusu. Itakuwa imejikunyata, ubavu umeingia ndani, ingawa hakuna aliyeikalia. Ndiyo uzito wa hewa uliokuwa ukiuhesabu kwenye tairi. Joto nalo linabisha hodi hapa, masweta yanatoka. Mtazame mshale wa joto la injini kila baada ya dakika chache. Ukipanda kupita katikati, zima AC, fungua vioo, endelea polepole; ukikaribia alama nyekundu, simama, na mfuniko wa rejeta usiuguse kabla ya dakika 30 hadi 40.

Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni huuzwa kwa mafungu na magunia, bei ya kwanza hupungua ukizungumza kwa upole. Mfuko mmoja mdogo unatosha. Vitunguu ndani ya gari lililofungwa vioo kwenye joto hili vinatoa maji na harufu.

Kisha msitu wa mibuyu na Mto Ruaha Mkuu ukienda sambamba na barabara, kilomita nyingi za kona za wastani hadi mji wa Mikumi. Chakula cha mchana hapa, kabla ya hifadhi.

Barabara inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa kilomita 50. Mwendo ni 70 mchana na 50 usiku. Kwa 70 ni dakika 43 kama hujapunguza popote, hivyo panga karibu saa nzima na usiifukuze. Vibao vya kuingilia vimeorodhesha wanyama na faini ya kumgonga kila mmoja kwa dola, na kwa wakubwa kama twiga ni maelfu. Ila hata bila faini, tembo haonekani vizuri machweo. Rangi yake na ya lami ya jioni zinakaribiana. Vuka hifadhi kati ya saa 3 asubuhi na saa 10 jioni. Ukiona swala mmoja amevuka, wapo wengine nyuma yake: punguza, usipige honi. Nyani wakikaa kando ya barabara, vioo juu, na watoto wasiwarushie chochote. Nyani aliyezoea kulishwa husogea barabarani kila gari likipunguza, na mwishowe anagongwa.

Doma, Melela, kisha Uluguru inatokea kulia kwako na mji chini yake. Msamvu ndiyo stendi na makutano makubwa ya Morogoro. Nyumba za wageni zilizo pembeni mwa barabara kuu zina kelele za mabasi usiku kucha, kwa hiyo ingia ndani ya mji kilomita moja au mbili.

Siku ya 3: Morogoro hadi Muheza, kilomita 295 hivi

Siku nyepesi. Morogoro hadi Chalinze ni kilomita 85 za foleni ya malori yaendayo Dar es Salaam. Chalinze unakata kushoto, na ghafla barabara inapungua magari. Msata ni njia panda ya Bagamoyo, nyoosha. Mto Wami zamani ulivukwa kwa daraja jembamba la gari moja moja, na miteremko ya pande zote mbili ilikuwa na sifa mbaya. Daraja jipya la njia mbili limeondoa msongamano, lakini mteremko bado ni mteremko na gia ya chini bado inahitajika.

Mbwewe, Mkata, Kabuku, Michungwani. Machungwa kwenye nyavu yanaanza kuonekana. Hewa imebadilika: nguo zinagandama mgongoni hata kivulini.

Segera ndipo watu hupotea. Barabara pana inayonyooka inakwenda Korogwe, Same na Moshi. Ya Tanga ni ya kulia. Aliyechoka hufuata basi lililo mbele yake na kujikuta anaikaribia Korogwe. Simama Segera, kula, kisha ondoka ukijua unakata kulia.

Baada ya Segera ni Hale na Mto Pangani, halafu Muheza, milima ya Usambara ikiwa kushoto. Kufika saa 9 au 10 alasiri. Tanga ipo kilomita 38 tu na kishawishi cha kuzimaliza ni kikubwa. Lala Muheza. Jioni hiyo ina kazi zake: piga simu kwa mwenye nyumba au dalali na kukubaliana saa na mahali, kwa mfano saa 3:30 mlangoni, mpigie dereva wa Fuso ujue amelala wapi, toa mabegi ya juu uyapange upya, chandarua na misumari vikae juu kabisa.

Siku ya 4: Muheza hadi Tanga

Kuondoka saa 2 asubuhi. Baada ya mji, mashamba ya katani yanashika pande zote, mistari iliyonyooka hadi macho yanapochoka. Katani ililetwa eneo hili mwaka 1893 na Richard Hindorf, miche ikitoka Florida, na ndiyo iliyoujenga mji unaouendea. Pongwe ina viwanda vya chokaa na saruji karibu, malori yenye vumbi jeupe yanaingia barabarani bila kutazama sana. Kange ni stendi kuu ya mabasi. Hapo mji umeanza.

Na hapo baiskeli zinaanza. Tanga ni tambarare, na baiskeli ni usafiri wa kweli wa watu wazima: mzee na kanzu yake, mama na mtoto nyuma, mtu wa samaki na tenga. Wanapita kushoto kwako, wanakata mbele yako bila kunyoosha mkono, na jioni wengi hawana taa. Kwa dereva aliyezoea milima ya Mbeya, ambako baiskeli ni chache, hii ndiyo hatari kubwa ya kuingia mji huu, na ndiyo sababu nyingine tunang'ang'ania asubuhi. Mwendo wa 40. Kabla ya kukata kushoto tazama kioo, kisha geuza shingo.

Mji una sehemu mbili na reli ndiyo mpaka. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ikipita katikati ya mahali ambapo mji umekuja kuwa. Upande wa bandari kuna maofisi, mabenki, mnara wa saa, na ukielekea mashariki Hospitali ya Bombo na Raskazone. Upande wa pili ni Ngamiani, na Ngamiani barabara zake zina namba: ya kwanza, ya pili, kuendelea. Ukielekezwa "barabara ya nane", hesabu tu. Makorora, Mikanjuni, Chumbageni, Sahare na Donge hazina urahisi huo. Huko watu huelekezana kwa msikiti, shule au duka, kwa hiyo muombe mwenye nyumba akutajie vitu vitatu vinavyoonekana kabla hujaingia mtaani.

Ukikwama, uliza, lakini usiulize kupitia dirishani injini ikiwaka. Zima gari, shuka, sogelea baraza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mwatoka wapi na mizigo yote hiyo?"

"Mbeya, mzee. Tunahamia."

"Lo! Poleni na safari. Karibuni Tanga. Haya, mwatafuta nyumba ya nani?"

Dakika mbili za salamu zinaokoa saa nzima ya kuzunguka, na mara nyingi kijana wa pale barazani ataambiwa apande gari awapeleke hadi mlangoni.

Mlangoni, kabla kitu hakijashuka, fanya mambo haya na mwenye nyumba akiwepo. Piga picha mita ya maji na uulize kama kuna deni Tanga UWASA, kwani deni linafuata mita ya nyumba na maji yakikatwa yatakatwa ukiwa ndani wewe. Andika namba ya mita ya LUKU, nunua umeme wa shilingi 2,000 tu, ingiza tokeni uone inakubali. Mita iliyokosewa namba au yenye hitilafu ni bora uijue kwa shilingi 2,000 kuliko kwa 50,000. Fungua mabomba yote, choo kimwagiwe maji, kila swichi iwashwe. Kodi kwa kawaida huombwa ya miezi 6 au 12 kwa mkupuo, na dalali huchukua ya mwezi mmoja. Mkataba uandikwe na usainiwe kabla ya fedha kuhama.

Fuso ikifika, vitu vishuke kwa mpangilio wa usiku wa kwanza. Vitanda kwanza, magodoro, kisha vyandarua, na vifungwe kabla ya saa 12 jioni. Familia inayotoka nyanda za juu haijazoea malaria ya pwani na mwili hauna kinga ya kutosha. Homa ikimshika mtu wiki moja au mbili baada ya kufika, apimwe siku hiyohiyo, asisubiri kuona kama itaisha yenyewe. Friji lililosafirishwa limelazwa lisimamishwe wima angalau saa 4, bora usiku mzima, kabla ya kuwashwa, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Jiko la gesi lipimwe kwa povu la sabuni kwenye maungio, mpira wake ukivuja povu linavimba.

Makabati ya mbao za Mbeya yasisukumwe hadi ukutani. Mbao kavu za baridi zikifika Tanga hunywa unyevu na kuvimba. Milango itakaza ndani ya wiki chache. Acha nafasi ya vidole vinne nyuma na usikimbilie kuiranda milango. Subiri imalize kuvimba, ndipo fundi arande, la sivyo wakati wa kaskazi, joto kali na mvua chache, itabaki na mianya.

Jioni hiyo usipike mapishi makubwa. Mbaazi za nazi na mahamri vipo karibu kila mtaa, asubuhi na jioni, na samaki wa kukaanga Ngamiani wanapatikana hadi usiku.

Siku ya 5: mji wenyewe

Asubuhi, kabla ya yote, kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa majirani wa kulia na kushoto. Hodi, salamu, jina, mmetoka wapi. Kama kuna watoto wa shule, barua za uhamisho zianze kushughulikiwa leo.

Soko la Mgandini kwa mboga, nazi na viungo. Mpishi wa nyumba ajue jambo moja: Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, Tanga kwenye 100. Maharage yaleyale yataiva mapema kuliko alivyozoea, na wali wa mchele wa Igurusi unataka moto mdogo zaidi, la sivyo utashika chini. Siku za mwanzo asimame karibu na sufuria.

Halafu gari. Lipeleke likaoshwe chini, si bodi pekee: vumbi la njia likichanganyika na hewa ya chumvi linaanza kula ekzosi na mabomba ya breki. Fundi asafishe vichwa vya betri na kuvipaka grisi. Pedi zitazamwe tena, Kitonga huenda imekula milimita moja. Nati za tairi zikazwe upya kama kuna tairi lililofunguliwa njiani. Oili, kama ilibaki kilomita chini ya 1,000 kufika muda wake wakati wa kuondoka Mbeya, imwagwe leo. Ukiegesha karibu na bahari, Raskazone au Deep Sea, suuza gari kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki, na sehemu iliyochubuka rangi ipakwe mapema, maana kutu ya pwani haingoji mwaka.